Mpishi Aliyeonja Kila Kitu Isipokuwa Karatasi

Mtu aliyenifundisha kulisha wanangu kwa nyanya nne na kitunguu kimoja ndiye huyo huyo aliyeweka sahihi kwenye karatasi iliyonitoa kwenye kihamba, shamba la nyumbani la marehemu mume wangu. Nayaandika yote mawili pamoja hapa mwanzoni, ili mtu asije akasoma nusu akaondoka na nusu. Huku kwetu Kibosho watu wanapenda kusema mazuri ya wazee na mabaya ya wajane. Mimi nitasema mazuri na mabaya ya mzee mmoja. Na wale ambao zuri lao sijaliona mpaka leo nitawataja kwa majina, maana walinitoa mchana kweupe: shemeji yangu Aloyce, wifi yangu Restituta, na Fulgensi, katibu wa ukoo, aliyeiandika karatasi yenyewe.

Huyo mzee jina lake silitaji. Watu wote walimwita Mpishi, na mimi nikiongea naye namwita Meku, kama tunavyowaita wazee kwa Kichagga. Alipika mlimani miaka mingi kwa wageni wanaopanda Kilimanjaro, mpaka magoti yakakataa. Akarudi nyumbani kwake, ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa maji waliouchimba wazee wetu, unaopita kati ya migomba yake na migomba yetu. Ubao mmoja ndio ulikuwa daraja.

Mwanamume wa Kichagga anajua jiko la nyama. Mbuzi akichinjwa atamchuna, atamgawa, atajua kidari ni cha nani na mguu ni wa nani, na hapo hachekwi na mtu. Lakini mwanamume kukaa kwenye kigoda saa nne asubuhi, ubao wa kukatia juu ya mapaja, anakata vitunguu vidogo kama punje za mchele, hilo wenzake hawakulizoea. Alikuwa na aproni ya kijani yenye picha ya mlima, imefuliwa mpaka mlima umebaki kama kichuguu. Aloyce akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe alikuwa anamrushia: "Meku, leo umeolewa na nani?"

"Na tumbo langu," anajibu bila kuinua kichwa. "Miaka sabini, halijaomba talaka."

Kitu chake kikubwa kilikuwa salsa. Hilo neno yeye ndiye aliyelishusha kutoka mlimani. Sisi tuliona kachumbari tu, na ukimwambia hivyo ndipo utamjua kuwa ni mkali. Kachumbari, alisema, ni nyanya na vitunguu waliokutana harusini: wanakaa meza moja, wakishakula kila mtu kwao. Salsa ni nyanya na vitunguu waliooana. Inakatwa ndogo ndogo, inatiwa chumvi, inaachwa ikae mpaka itoe maji, na hayo maji hayamwagwi hata tone.

Alifundishwa na mgeni mmoja, mama wa kutoka Meksiko, aliyeingia kwenye hema la jiko huko juu siku ya nne ya safari kwa sababu supu ilikuwa imemshinda. Huko juu, Mpishi alisema, mtu hana njaa, tumbo linalala kabla ya mwenyewe. Yule mama akaomba nyanya, pilipili na ndimu, akavikata mwenyewe vidole vinatetemeka kwa baridi, na siku hiyo kundi zima likamaliza wali. Tangu hapo Mpishi hakupanda bila nyanya. Alizifunga moja moja kwenye gazeti, akazipanga ndani ya sufuria, na sufuria hiyo hakumpa mpagazi yeyote. "Mpagazi anabeba mzigo," alisema. "Nyanya si mzigo, ni mgonjwa."

Niseme anavyofanya, kwa sababu wengi wanaharibu. Kitunguu kinatangulia. Anakikata, anakisugua kwa chumvi, anakisuuza mara moja, si mara mbili, ili ukali upungue lakini usife. Nyanya ziwe zimeivia shambani, si ndani ya tenga. Nusu anazikata mbichi. Nusu anazilaza kwenye makaa mpaka ganda linapasuka na kuwa jeusi, halafu anaziponda kwa jiwe pamoja na kitunguu saumu, na hapo ndipo harufu inapowatoa majirani ndani. Pilipili mbuzi moja, mbegu zitolewe kama kuna watoto. Majani ya giligilani, na ndimu mwisho. Kisu chake kilikuwa kifupi, kimeliwa na kunolewa mpaka kikawa chembamba kama jani la mua, na kila asubuhi alikinoa kwenye jiwe la mfongo. Kisu butu kinailiza nyanya, alisema, na nyanya iliyokwisha kulia haina cha kukupa.

Akishachanganya anafunika bakuli kwa sahani na kuanza fungu moja la rozari. Hiyo ndiyo saa yake. Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi, fungu likiisha salsa iko tayari. Alisali kwa sauti, na mambo ya nyumbani yakiingia humo humo: Salamu Maria, umejaa neema, mfukuzeni huyo kuku, Bwana yu nawe. Kanisani penyewe alikuwa anachelewa kila Jumapili. Alimwambia katekista kwamba Mungu anajua yuko jikoni.

Kuna jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Mpishi hakumpa mtu chakula kabla ya kukionja mbele ya macho yake. Si kuonja jikoni kwa kujificha kama tunavyofanya wengine. Alileta bakuli mezani, akachota kijiko, akala, akameza, akafungua mdomo kidogo kama mtoto anayeonyesha kwamba dawa imeshuka, ndipo akakusogezea. Kwetu hiyo ni desturi ya mbege, pombe yetu ya ndizi: anayekupa kata anatangulia kunywa funda moja, ujue hakuna sumu. Yeye aliitoa kwenye pombe akaipeleka kwenye kila kitu, mpaka chai. Wageni mlimani walimcheka kwanza, baadaye wakawa wanamngoja.

"Asiyeonja anachokupa," alisema, "mwogope."

Mume wangu alifariki msimu wa kahawa. Kabla arobaini haijaisha ukoo ukakaa kikao uani kwangu, na mimi nilikuwa ndani, kwa sababu mjane haitwi kwenye kikao kinachomhusu. Wakatoka na maneno yao. Kwa kuwa nimezaa mabinti watupu, kihamba kinarudi kwa Aloyce. Mimi nirudi kwetu Himo. Kwetu Himo kaka zangu wenyewe walikuwa wanagombania upana wa veranda.

Restituta ndiye aliyetoa vyombo. Nakumbuka vilivyofuatana: sufuria, miiko, kinu, halafu picha ya harusi yangu, imelazwa kifudifudi juu ya kinu. Aloyce alisimama mlangoni na ufunguo mkononi. Watu waliokuwa wanapita njiani walipunguza mwendo na hakuna aliyesimama. Ni Mpishi aliyevuka ubao. Alichukua sufuria kubwa akaiweka kichwani kama mpagazi, mzee wa umri ule na magoti yale, akavuka nayo. Akarudi, akabeba kinu. Akatupatia jiko lake la zamani la nje, mimi na binti zangu watatu, na tulikaa humo miaka minne.

Miaka minne naangalia mikungu yangu ikikatwa na mkono mwingine. Kaburi la mume wangu nililiona kutoka mlangoni, lakini kulipelekea maua ilibidi niombe ruhusa kwa Aloyce. Niliomba mara moja. Mara ya pili nikayatupa kutoka ng'ambo ya mfongo, yakafika.

Mpishi hakunipa pole hata siku moja. Asubuhi ya kwanza alinipa kisu na kitunguu. Nikamwambia sina hamu ya kula, wape watoto. Akanitazama kama alivyokuwa anawatazama wageni wake.

"Umepandishwa juu haraka mno, Mama Glory," akasema. "Tumbo halijafika. Kata."

Nikakata. Nililia, na sikuwa na haja ya kusema kama ni kitunguu au si kitunguu.

Alinifundisha kwamba bakuli moja la asubuhi linaweza kuibeba nyumba mpaka jioni, kama halina uvivu. Mchana tulichemsha kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, chakula ambacho mtoto akikila siku tatu anakiangalia kama adhabu. Ukimwagia salsa juu, hiyo ya maji maji, ya baridi kwenye kitu cha moto, watoto wanakwangua sufuria. Jioni salsa iliyobaki inaingia kwenye kikaango, ikichemka unapasulia mayai humo humo, unafunika, unakula na ugali. Makande ya jana yakishakauka, unayapasha na vijiko viwili vya maji yake, yanafufuka. Chapati iliyokauka unaitandazia maharage, salsa na parachichi, unaikunja, mtoto anaenda nayo shule akitembea. Mboga ya mnafu haitaki salsa, alisema. Mnafu ni mchungu kwa heshima yake, uacheni. Dagaa wanaitaka kuliko wanavyoonyesha.

Glory, mkubwa wangu, alikuwa anaandika hayo kwenye daftari la shule. Mimi shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo niliyashika mkononi.

Alikuwa na neno lake moja ambalo linanikera mpaka leo. "Nyanya haina kwao," alikuwa anasema, akinitazama kwa pembeni. "Inaota popote penye maji." Alidhani ananifariji. Siku moja nikamjibu kwamba mimi si nyanya, Meku, mimi nina kwangu, ni pale, naweza kupaonyesha kwa kidole, na wewe unapaona kila siku ukinoa kisu. Akanyamaza. Alinyamaza namna ambayo sikuielewa wakati ule.

Maana alikuwa mtu wa kunyamaza mahali pasipotakiwa. Aliweza kumgombeza mzungu wa futi sita kwa kuacha chakula. Mara moja, wenzake walisimulia, alimkatalia kiongozi wa msafara kupanda na mgeni mgonjwa, akalala mlangoni mwa hema la huyo mgonjwa ili asitolewe. Lakini Aloyce akija na kile kicheko chake, Mpishi anakuwa mdogo. Anamkaribisha kiti. Anampa kijiko cha kwanza. Desemba, ndugu wote wakipanda kutoka Dar na Arusha kuja kuchinja, yeye anavaa koti na kwenda kukaa nao, anarudi na kipande chake cha nyama kwenye jani la mgomba, halafu hakili. Anatupatia sisi. Watoto wangu walidhani ni ukarimu. Na mimi nilidhani hivyo.

Nilifungua kesi mwaka wa nne, mahakama ya mjini. Nilitaka kihamba cha baba yao wanangu, nyumba, kahawa, kaburi, basi. Aloyce akaleta karatasi kama ushahidi wake, na mimi nikapewa nakala. Nikapanda nayo mpaka nyumbani bila kuifungua. Mpishi alikuwa amefunika bakuli, yuko kwenye Salamu Maria ya tatu. Nikamwambia Glory asome kwa sauti, sote tusikie walichoandika.

Glory akasoma. Muhtasari wa kikao cha ukoo. Mjane amehudhuria. Mjane amekubali kwa hiari yake kuondoka na watoto wake. Mwandishi, Fulgensi. Halafu majina ya mashahidi na sahihi zao, na jina la mwisho, kwenye mstari wa jirani, lilikuwa la mtu aliyekaa mbele yetu na rozari.

Hakuacha kusali. Hilo ndilo sijalisahau. Sauti ilishuka lakini midomo iliendelea, Salamu Maria ya nne, ya tano, vidole vinasukuma shanga. Glory alimtazama yeye, akanitazama mimi. Alipofika ya kumi akafunua bakuli, akachota kijiko, mkono ukaganda hewani. Hakuweza kuonja. Nikasimama, nikafunga vyombo. Safari hii niliviweka nje mwenyewe, sufuria, miiko, kinu, na picha ya harusi niliibeba uso juu.

Tulishuka Chekereni kwa Mama Happy, rafiki yangu wa jumuiya, aliyekuwa na chumba cha nyuma. Huko ni joto, ni mpunga na mbu, na kazi ni kuinama kutwa kwenye maji kupandikiza. Kandokando ya mfereji nilipata kipande cha tuta ambacho mpunga haukitaki, nikapanda nyanya. Glory aliniuliza kama kweli bado nitapika kile chakula cha yule mzee. Nikamwambia nyanya haikuweka sahihi.

Kwa hiyo niliendelea. Wali mpya wa Chekereni na salsa ya baridi juu, na dagaa waliokaangwa wakakauka, hicho chakula hata Mpishi hakukijua, hicho ni changu. Mama Happy akawa anakuja na sahani yake. Na kila mara nilionja mbele ya watoto kabla ya kuwapa. Sikutaka, lakini mkono ulikuwa umeshazoea.

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Aloyce hakuwa na wasiwasi, alikuwa na karatasi. Mwaka wa pili wa kukaa huko, siku mbili kabla ya siku ya mashahidi, nilikuwa nje nakata vitunguu, bodaboda ikasimama. Akashuka Mpishi. Amevaa koti lake la mlimani kwenye joto la Chekereni, amekonda, jasho linamtoka, na mkononi ameshika jani la sale.

Wasiotoka kwetu niwaambie: sale ni mmea wa mpaka wa kihamba, na ni mmea wa msamaha. Mtu aliyekukosea akija na jani lake, hukatai. Ukikataa, laana inakuhamia wewe. Aloyce aliing'oa misale ya mpaka wangu yote wiki aliyonitoa, lakini siku akitaka kusamehewa atakwenda kulichuma kwa jirani, sina shaka.

"Shikamoo, Meku," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Nikampa kigoda. Akaninyooshea jani. Nikamwambia mikono yangu ina pilipili. Akalishika mwenyewe kwenye mapaja, na mimi nikaendelea kukata.

Nikamuuliza kama ametumwa. Akasema ametumwa na magoti yake tu, na yenyewe hayakukubali vizuri. Nikamuuliza kama siku ya kikao alisomewa ile karatasi. Akasema hapana.

"Ungeweza kuisoma?"

Aliligeuzageuza jani mapajani mpaka nikamaliza kitunguu kizima.

"Miwani ilikuwa mfukoni," akasema. "Niliigusa. Nikaiacha hapo hapo."

"Kwa nini?"

"Ningeivaa ningejua. Na nilikuwa nimeshakunywa kata ya Aloyce."

Akanieleza, na nilimwelewa, ndiyo maana nilizidi kukasirika. Kata ilizunguka. Aloyce alionja funda, akampa huyu, huyu akampa yule, kama inavyotakiwa. Na nyuma ya kata ikafuata karatasi, mkono kwa mkono, na kalamu. Ukishapokea kwa mtu kitu kimoja kilichoonjwa, cha pili unaona haya kukikagua. Wazee tisa walikaa pale. Pombe waliionja. Karatasi hakuna hata mmoja aliyeionja. Huo ndio ujinga wetu, na Fulgensi aliujua, ndiyo maana hakuileta karatasi kabla ya mbege.

"Meku," nikamwambia, "hilo jani nikilipokea leo, keshokutwa Aloyce atasema mahakamani tumepatana. Litanifunga mdomo mimi, si wewe."

"Nikisema kule, hawatanizika," akajibu. "Hakuna atakayeshika kata yangu. Unawajua."

"Yangu hawajaishika miaka sita. Bado nakula."

Nilikuwa nimeshaponda nyanya za makaa, nikachanganya, nikakamua ndimu, nikafunika. Nikaanza Baba Yetu. Kwenye Salamu Maria ya pili akaingia na yeye, sauti imepasuka, na tukaenda pamoja mpaka ya kumi, watu wawili wasiopatana, bakuli liko katikati.

Nikafunua. Nikachota kijiko, nikala mbele yake, nikameza, nikafungua mdomo aone. Ndipo nikamsogezea.

"Mimi nimeonja ninachokupa," nikasema. "Na wewe ulichonipa mimi, nenda ukakionje. Mbele za watu."

Alikula bakuli lote, na maji yake. Machozi yalimtoka. Akasema pilipili nimezidisha. Nikamwambia sikuzidisha. Alipoondoka aliliacha jani mezani, chini ya sahani, na mimi sikuligusa siku ile.

Keshokutwa yake Aloyce alifika na tai. Fulgensi alifika na faili. Mpishi alikuja wa mwisho, amechelewa kama kanisani, na alipoitwa alipita mbele akiwa tayari amevaa miwani. Akaomba apewe ile karatasi. Akaisoma yote kwa sauti, kidole chini ya mstari, neno moja moja, polepole, kama mtu anayetafuna kitu anachojua kina mawe. Penye mjane amehudhuria, akarudia mara mbili. Penye kwa hiari yake, akasimama, akameza mate.

Alipomaliza akavua miwani.

"Sahihi ni yangu," akasema. "Maneno ni ya Fulgensi. Huyu mama hakuwepo kwenye kikao. Alikuwa ndani analia. Sisi sote tulimsikia."

Fulgensi akawa anatafuta kitu ndani ya faili. Restituta alitoka nje. Aloyce, tukiwa mlangoni tunaondoka, alimwambia mzee kwa Kichagga atafute pa kuzikwa.

Hukumu haijasomwa. Wakati naandika haya bado tunangoja, na najua kungoja si kushinda. Lakini hakimu ameagiza kihamba kisiguswe mpaka atakapoamua, asikate mtu hata jani la mgomba. Mara ya kwanza tangu mume wangu alale pale, migomba yangu ina mikungu iliyoachwa ikaivia juu.

Mpishi wamemtenga, kama alivyosema. Nilisikia kwamba kwenye msiba wa jirani alipewa kiti cha peke yake na kata ikamruka. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nikapanda Kibosho na bakuli limefungwa kwenye khanga. Sikuzunguka kwa barabara ya chini. Nilipita katikati ya kihamba changu, njia niliyopita nikiwa bibi harusi. Aloyce alikuwa amesimama kwenye migomba, panga mkononi, halina kazi. Nikamwamkia kwa sauti kubwa. Hakuitikia. Nikasimama kidogo kaburini, nikaweka ua kwa mkono badala ya kulirusha, nikavuka ubao.

Mzee alikuwa uani peke yake, aproni ile ile, kisu mkononi, na hana cha kukata. Wenye nyanya hawakumuuzia. Nikamwamkia, nikaweka bakuli. Halafu nikafungua fundo la khanga, nikatoa lile jani la sale. Lilikuwa limekauka, limejikunja. Nikaliweka karibu na bakuli, upande wangu wa meza.

Akaliangalia. "Limekauka," akasema.

"Nimelipokea kavu, Meku."

Akavuta kigoda. Midomo ilikuwa inamchezacheza, akatafuta rozari mfukoni, nikamwambia aache, salsa imeshakaa tangu Chekereni. Nikageuza kiti changu kielekee mfongo. Ng'ambo, Aloyce hakuwa ameondoka. Nikachota kijiko, nikala, nikameza, nikafungua mdomo mzee aone. Kisha nikachota cha pili, nikakiinua juu zaidi, nikala polepole, ili na yule wa ng'ambo aone.